Kutayarisha Somo la Biblia kwa Kikundi: Tuchukue Nehemia Sura ya 5

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Yameandikwa hapa karibu kama yalivyosemwa.)

 

Vikundi vingi vina desturi nzuri. Kabla ya michango kuhesabiwa, mnaketi nusu saa na Neno. Lakini tuseme ukweli. Mara nyingi mwenye zamu anakumbushwa akiwa njiani, na mstari anautafuta wakati wengine wanaimba. Hapo ndipo linatoka lile somo tunalolijua sote: tupendane, tuombe, tufike mapema. Si maneno mabaya, lakini kuyasema hakuhitaji Biblia kufunguliwa. Watu wanaitikia amina, kisha wanageukia kitabu cha mikopo, na Neno halikugusa mikopo hata kidogo.

Leo sitawapa orodha ya kanuni. Nitachukua sura moja, Nehemia 5, niwaonyeshe namna ya kuitayarisha. Nimeichagua kwa sababu inahusu madeni, na nyinyi ni watu wa kukopeshana.

Kama mnakutana Alhamisi, anza Jumatatu. Soma sura yote kwa sauti, hata kama uko peke yako jikoni. Soma mara ya pili. Usikimbilie kitabu cha maelezo, na usitafute bado la kuwaambia watu. Mara ya tatu shika kalamu. Nani wanazungumza? Wanalia kwa sababu gani? Neno gani linarudiwa?

Ukifanya hivyo utaona vitu ambavyo hukuviona ulipoisoma haraka. Kwanza, kilio cha mstari wa 1 si cha wanaume peke yao. Wake zao wametajwa. Wangapi hapa mlikuwa mmeona hilo? Pili, walalamikaji ni wa namna tatu. Wako wenye watoto wengi na hawana nafaka. Wako walioweka rehani mashamba na nyumba kwa sababu ya njaa. Na wako waliokopa ili walipe kodi ya mfalme. Halafu mstari wa 5 unasema watoto wanatiwa utumwani, na baadhi ya mabinti wamekwisha kwenda. Na anayewadai si mgeni. Ni ndugu yao Myahudi.

Sasa soma kilichotangulia na kinachofuata. Nehemia alimhudumia kwa divai Artashasta, mfalme wa Uajemi, na mwaka wa 445 kabla ya Kristo alipewa ruhusa kwenda Yerusalemu kujenga ukuta. Sura ya 4 inahusu maadui wa nje. Watu wanajenga huku wameshika silaha. Sura ya 6 inasema ukuta ulimalizika kwa siku 52. Sasa mbona katikati ya habari za ujenzi tunapata sura nzima ya madeni? Ulizeni hivyo mnapotayarisha. Mimi naona ni kwa sababu ukuta ungeweza kusimama na watu waliojengewa wakawa wameisha. Nanyi mnaochimba visima na kununua mabati, swali hilo ni lenu pia.

Hapa nawaonya kidogo. Usiongeze ambayo hayamo. Nimesikia mtu akieleza matajiri wale walivyovaa na walivyokula, na mstari wa kumsaidia hakuna. Sura hii ina mambo ya kutosha.

Tazameni mstari wa 7. Nehemia amekasirika sana, lakini kabla ya kusema na wakuu anafikiri kwanza moyoni mwake. Kisha mstari wa 10: anasema yeye mwenyewe na ndugu zake na watumishi wake wamewakopesha watu fedha na nafaka. Huyu ndiye anayekemea, naye anajitaja kati ya wakopeshaji! Mwalimu asiyetayarisha hupita hapo bila kusimama. Tena mkirudi nyuma kwenye Kutoka 22:25 na Walawi 25:35 hadi 37 mtaona Nehemia hakubuni sheria mpya. Riba juu ya ndugu aliye maskini ilikuwa imekatazwa kitambo.

Sasa tufike penye moto, mstari wa 11. Anawataka warudishe mashamba, mizabibu, mizeituni na nyumba, na pia ile sehemu ya mia ya fedha, nafaka, divai na mafuta. Sehemu ya mia ni nini? Wafafanuzi wengi huichukua kuwa ni riba ya moja kwa mia kila mwezi, yaani 12 kwa mia kwa mwaka.

Haya, toeni kalamu. Vikundi vingi vyetu vinatoza shilingi 10 kwa kila mia, kila mwezi. Mama akikopa shilingi 1,000, akashindwa kupunguza deni, akawa analipa riba tu, mwaka ukiisha amelipa shilingi 1,200, na ile elfu bado anadaiwa. Kwa sehemu ya mia angelipa riba ya shilingi 120. (Kimya.) Ndiyo, mmehesabu sawa. Tunatoza mara kumi ya ile iliyomkasirisha Nehemia.

Basi mwalimu akigundua hili Jumatatu jioni, atafanya nini Alhamisi? Kwa sababu katika duara lile ameketi mama ambaye sufuria zake zilichukuliwa mwezi uliopita, na viti viwili mbele yake ameketi mweka hazina aliyetumwa kuzichukua. Wote wawili wanasali kanisa moja.

Njia moja ni kuuruka mstari. Wengi watafanya hivyo, wamalizie kwa kusema Nehemia alikuwa kiongozi hodari. Njia nyingine ni kuufanya mstari kuwa fimbo, umkazie macho mweka hazina wakati unasoma. Zote mbili mimi sizikubali. Mweka hazina alitekeleza yaliyoandikwa kwenye katiba ya kikundi, na kila mwanachama alitia sahihi au kidole. Ukimfanya yeye ndiye mkuu wa Yerusalemu, wengine watashukuru kimoyomoyo kwamba hawamo.

Kwa hiyo kutayarisha somo ni pamoja na kutayarisha watu. Jumanne au Jumatano mpitie mwenyekiti na mweka hazina, uwaambie: tutasoma Nehemia 5, inagusa mikopo, msishtuke. Usiwaombe ruhusa, wape habari tu. Na ujitayarishe kwa jibu litakalokuja, maana litakuja: "Mwalimu, riba yetu haiendi kwa mtu, inarudi kwetu tukigawana mwisho wa mwaka." Hilo ni jibu la haki, na wakuu wale hawakuwa nalo. Mwache anayelisema alimalize. Halafu uliza: kati yetu, ni nani hukopa zaidi, na ni nani hupata gawio kubwa zaidi? Katika vikundi vinavyogawana kwa kadiri ya akiba, anayekopa unga ndiye anayemnenepesha mwenye akiba. Mkiona kwenu si hivyo, msifuni Mungu na kuendelea.

Mimi nina maoni yangu. Mkopo wa kununua magunia ya mahindi ya kuuza si sawa na mkopo wa kulaza mtoto hospitalini, na shilingi 10 kwa mia juu ya huo wa pili ni nzito mno. Lakini mwalimu asiamue jambo hilo ndani ya somo. Kubadilisha riba ni kazi ya mkutano, na ajenda, na kumbukumbu zikiandikwa. Kazi ya somo ni kuhakikisha watu wamesikia sura inasema nini kabla hawajapiga kura.

Maswali sasa. Andika matano, yatoshe. Swali kama "Je, Nehemia alikuwa mtu mwema?" halina kazi, wataitikia ndiyooo na kunyamaza. Anza na yale ambayo jibu lake liko kwenye karatasi, ili hata mwoga aseme: watu walilalamika mambo gani, tuyahesabu. Kisha mbona Nehemia alijitaja. Mbona aliita kusanyiko kubwa, akaita na makuhani na kuapisha, badala ya kumalizana na wakuu faraghani. La mwisho liguse nyumbani, lakini liwe la kikundi chote: kama kilio cha mstari wa 1 kingetoka hapa kwetu, kingesema nini? Ukishauliza, nyamaza. Hesabu hadi kumi moyoni. Walimu wengi wanashindwa hapo. Wanaogopa kimya, wanajijibu wenyewe.

Wasiojua kusoma msiwasahau. Chagua msomaji mmoja mzuri, mpe sura siku mbili mbele aifanyie mazoezi, na kama iko Biblia ya lugha ya mama isomwe hiyo kwanza. Neno rehani lieleze kwa mfano wa kwenu: shamba la mtu limeshikwa mpaka alipe, na mavuno anavuna mwingine. Mkiisha kusikia, mmoja asimulie tena kwa maneno yake. Mara nyingi bibi asiyejua herufi ndiye atakayeisimulia bila kuacha kitu.

Mengine ni madogo. Nusu saa iwe nusu saa. Omba kabla ya kutayarisha, si kabla ya kufundisha tu. Vipande vya karatasi vya maswali vikunje ndani ya Biblia, watu wasione unasoma risala.

Mama mmoja pale nyuma ameuliza, je, na mistari ya 14 hadi 18? Asante, nilikuwa naipita. Miaka 12 ya uliwali Nehemia hakuchukua chakula alichostahili kama liwali, na mezani pake waliketi watu 150. Viongozi wa vikundi, hiyo someni wenyewe polepole. Ukiwa mwenyekiti na pia mwalimu, wanachama wataisikia kabla hujaifika.

Sasa tufanye kazi. Gawanyikeni wanne wanne, msijichanganye na wa kikundi chenu. Fungueni 2 Wafalme 4, mstari wa 1 hadi wa 7, yule mjane ambaye mdai anataka kuchukua wanawe wawili. Someni mara tatu kwa sauti. Angalieni majirani zake walitoa nini na nani aliuza mafuta. Kila kikundi kilete maswali matatu yaliyoandikwa, bila mahubiri. Tutayasikiliza baada ya chai.