MAKABURI YA CITY PARK YANATUULIZA

(Maneno tuliyowaambia wanachama katika mkutano wa tawi)



Jumapili iliyopita tulikwenda City Park, Nairobi. Hatukwenda kumzika mtu. Tulikwenda kwa sababu kijana mmoja wa tawi hili alituuliza, "Wazee, Pinto alizikwa wapi?" Sisi tunaojiita wazee wa chama tukatazamana, hakuna aliyejua. Tukaona haya, tukasema twende.

Wala si mbali. Ukitoka mjini unafuata barabara ya Limuru mpaka Parklands. Soko la City Park twalijua sote. Tumenunua mboga pale miaka mingi, kisha tukapanda basi tukaenda zetu. Ukiingia bustanini unakuta miti mikubwa, na kima wasioogopa mtu. Mmoja alimpokonya mtoto wetu ndizi mkononi. Watu wa kila rangi wamekaa majanini na watoto wao.

Vijana, msidhani mambo yalikuwa hivi siku zote. Wakoloni waliugawa mji huu kwa rangi. Mzungu alichukua vilima vyenye baridi, Mhindi akaachiwa Parklands na Ngara, Mwafrika akasukumwa Pumwani na mitaa ya mashariki, kipande kikining'inia shingoni. Leo unaingia bustani ile bila kuulizwa wewe ni nani. Hilo halikuja lenyewe. Lililipiwa, na baadhi ya waliolipa wamelala mle mle.

Wa kwanza ni Pio Gama Pinto. Alizaliwa Nairobi mwaka 1927, mtoto wa Wagoa. Angeweza kukaa kimya ale mshahara wake. Badala yake aliwasaidia wapiganaji wa msituni, akawatafutia wafungwa mawakili, na mwaka 1954 serikali ya kikoloni ikamkamata. Aliwekwa kizuizini kisiwani Manda, hakuwa huru mpaka 1959. Alipotoka akaanzisha Sauti ya KANU, gazeti la chama kama hili tunalouza sisi kila juma. Mwaka 1964 akaingia Bungeni, akaendelea kuwasemea wasio na ardhi. Tarehe 24 Februari 1965 akapigwa risasi nje ya nyumba yake Westlands, binti yake mdogo akiwa naye garini. Alikuwa na miaka 37. Hakuacha mashamba wala majumba.

Karibu naye amelala Joseph Murumbi, mtoto wa Mgoa na mama Mmasai. Viongozi wa KAU walipokamatwa mwaka 1952, yeye ndiye aliyeshika kazi ya ukatibu. Mwaka 1966 alikuwa Makamu wa Rais, na mwaka ule ule akajiuzulu. Alipofariki mwaka 1990 alizikwa pale, kwa kuwa alitaka kulala karibu na rafiki yake. Mkewe Sheila yuko kando yake.

Sikilizeni jambo hili, ndugu. Murumbi alikuwa na nyumba Muthaiga, jirani na bustani ile. Aliiuzia serikali akitumaini itatunzwa kwa faida ya taifa. Nyumba ikabomolewa, kiwanja kikagawanywa. Vitabu vyake na kazi za sanaa vipo hata leo katika Nyaraka za Taifa, nyumba haipo. Na bustani yenyewe imemegwa kwa miaka mingi, kipande huku na kipande kule, hata mwaka 2009 ikabidi itangazwe kuwa urithi wa taifa ili ilindwe.

Basi tulisimama pale tukajiuliza: mtu aliyeuawa akiwasemea wasio na ardhi, je, hata ardhi aliyolala ataporwa? Na mporaji wa leo si mkoloni. Ni mwenzetu, anatusalimu "Uhuru" kama tunavyosalimiana sisi.

Ndugu wanachama, hatuwaombi fedha. Twawaomba mambo matatu. Wapelekeni watoto wenu wakaone makaburi yale na kusoma majina. Mkikuta majani yameota, yang'oeni, msingoje mtu wa Kaunti. Na mkiona vigingi vipya au mabati yamezungushwa bustanini, msinyamaze. Njooni tawini tuulize pamoja, kwa sheria, nani kaviweka.

Yule kijana hatatuuliza tena Pinto alizikwa wapi. Sasa anauliza tutafanya nini. Na sisi hatutaki kutazamana mara ya pili.

Uhuru!