Baridi Yabisi: Asili ya Tiba ya Yunani na Njia Iliyopitia Hata Kutufikia



Zamani nilimsindikiza bibi yangu katika zahanati moja ya huku kwetu Kehancha, magoti yake yamevimba hata kuinuka kitini ni kazi, na yule tabibu, baada ya kumpapasa na kumwuliza mawili matatu, akamwambia kwa Kiswahili kuwa ana baridi yabisi. Bibi, ambaye lugha yake ilikuwa Kikuria, alilisikia neno "baridi" akaridhika, kwa kuwa tangu mwanzo alikuwa akiishtaki baridi ya alfajiri. Walakini lile neno la pili halikumshughulisha yeye wala mimi, hata ilipopita miaka mingi nikapata kujua kuwa yabisi, kwa Kiarabu, ni kavu. Baridi na ukavu: maneno hayo mawili, yakiunganishwa namna hiyo, si habari ya hali ya hewa ya milima yetu, bali ni kipande cha elimu kongwe ambayo tabibu yule aliitamka pasipo kujua, kama tunavyoitamka sote.

Elimu hiyo ndiyo iitwayo Tibb Yunani. Jina Yunani Waarabu walilitoa katika Ionia, pwani ya Wayunani iliyoko leo katika nchi ya Uturuki, na karibu na pwani hiyo pana kisiwa cha Kos, alikozaliwa Hippocrates, ambaye Waarabu humwita Buqrat, takriban mwaka 460 kabla ya Kristo. Wanafunzi wa madhehebu yake walifundisha kwamba maradhi yana sababu za kimaumbile, na kwamba mwili una maji manne, yaani damu, balghamu, safura (nyongo ya manjano) na sauda (nyongo nyeusi), ambayo yakilingana mtu huwa mzima na yakizidiana huugua. Jalinus wa Pergamon, aliyezaliwa mwaka 129 baada ya Kristo, ndiye aliyeyapanga mafundisho hayo yakawa jengo moja: damu ni moto na unyevu, balghamu ni baridi na unyevu, safura ni moto na ukavu, na sauda, bwana wa maradhi ya huzuni, ni baridi na ukavu. Hapo ndipo baridi yabisi ya bibi yangu ilipokuwa ikikaa.

Sasa niruhusuni nikae kidogo Baghdad, kwa maana bila ya Baghdad elimu hii isingalitufikia. Katika karne ya tisa, chini ya makhalifa wa Bani Abbas, aliishi huko Hunayn ibn Ishaq, Mkristo Mwarabu wa Hira, aliyezaliwa mwaka 809 na kufariki mwaka 873, ambaye kazi yake ilikuwa kukifasiri kila kitabu cha Jalinus alichoweza kukipata. Aliandika risala akiorodhesha vitabu 129 vya Jalinus, akieleza kila kimoja kimefasiriwa na nani, na je, tafsiri hiyo ni njema au mbovu, pamoja na zile alizozifanya mwenyewe ujanani. Hakufasiri kwa nakala moja akipata zaidi, bali alizikusanya nakala za Kiyunani, akazilinganisha neno kwa neno, akasahihisha, ndipo akaanza. Kitabu kimoja kiitwacho Al-Burhan alikitafuta Iraki, Shamu, Palestina na Misri hadi Iskandaria, akapata kama nusu yake tu, mjini Dameski. Mimi kila nikimfikiri mtu huyu akirudi nyumbani na nusu ya kitabu, moyo wangu humheshimu kupita wafalme waliomlipa.

Waliomfuata hawakuwa watu wa kuitikia tu. Ar-Razi, aliyepambanua ndui na surua katika kitabu chake mashuhuri, aliandika pia kitabu kizima cha shaka zake juu ya Jalinus. Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka 980 karibu na Bukhara, aliikusanya elimu yote katika Al-Qanun, vitabu vitano vilivyofasiriwa kwa Kilatini na kusomeshwa katika vyuo vya Ulaya hadi karne ya 17. Na mwaka 1242 Ibn an-Nafis, akiifafanua sehemu ya Qanun inayohusu viungo vya mwili, alikana kwamba damu hupenya ukuta wa moyo kama alivyodai Jalinus, akasema hupitia mapafuni. Na ndivyo ilivyo.

Kutoka huko tiba hii ilishika njia mbili. Moja ilikwenda Bara Hindi, ambako mpaka leo ina vyuo vyake na matabibu wake. Ya pili ilishuka na majahazi ya kaskazi kutoka Omani na Hadhramaut hadi Lamu, Mombasa na Unguja, ndani ya vitabu kama Ar-Rahma fi't-Tibb wa'l-Hikma, na ndani ya masanduku ya dawa. Tazameni majina: sanamaki ni sana ya Makka, shubiri, habasoda, kafuri, zaafarani, yote ni Kiarabu au yamepita kwa Waarabu. Tiba yenyewe ni neno lao, na tabibu, na homa. Safura tumeibadilisha maana, ikawa ugonjwa wa kupungukiwa damu kwa sababu ya minyoo, ilhali nyongo yenyewe tumebaki kuiita kwa jina letu la Kibantu. Mwenyeji wa Mombasa akikuambia kuwa tende na tangawizi ni za moto na tango ni baridi, hasemi habari ya jiko.

Mbali na majina, yako na matendo: niliwahi kumtazama mpiga chuku katika Mji wa Kale wa Mombasa. Alimlaza mgonjwa kifudifudi, akamwekea mgongoni pembe ya ng'ombe iliyotobolewa nchani, akafyonza hewa kwa kinywa, na kwa ulimi akaliziba tundu kwa nta. Ngozi ikainuka ndani ya pembe mithili ya andazi. Kisha akaibandua, akachanja kwa wembe, akairudisha, ikajaa damu nyeusi nzito. Lakini pembe hii huku bara nayo yajulikana, wala sidai kuwa kila kitu tumekipata kwa Wayunani: jirani zetu Abagusii wana ababari wao, waliopasua fuvu la kichwa kwa ustadi, na hakuna aliyewafundisha kwa Kiarabu.

Wala sitawaficha kwamba nadharia ya maji manne imeshindwa. Malaria, ambayo katika Kaunti hii ya Migori tunaijua sana, haitokani na safura wala balghamu bali na kijidudu kiletwacho na mbu, na mwenye homa na apelekwe akapimwe damu. Kilichobaki hai katika Tibb Yunani, kwa maoni yangu, ni ile desturi ya kuandika, kulinganisha na kukosoa. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 imeitaja tiba ya jadi, lakini sheria haiwezi kuusimamia mti ambao jina lake limo katika kinywa cha mzee mmoja tu.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, nimekuja na daftari. Nimelipiga mistari safu nne: jina la mti kwa Kikuria, jina lake kwa Kiswahili, ugonjwa unaotibiwa na kipimo cha dawa, na ukurasa wa mkono wa kushoto nimeuacha mweupe kwa ajili ya yeyote atakayekuja kutuambia kuwa tumekosea. Nawaomba wazee, baada ya chakula, tuanze na miti iliyo nje ya ukumbi huu.