HAKI YA JIRANI WAKATI WA DHIKI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake. Amma baad.

Ndugu Waislamu,

Tunajiusia nafsi zetu na tunakuusieni nyinyi kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Maudhui yetu ya leo ni haki ya jirani, na mfano wake tunautwaa katika mji wa Buffalo, Marekani, ulio kando ya Ziwa Erie.

Alhamisi ya tarehe 12 Oktoba, ​2006, Waislamu wa mji huo walikuwa katika mfungo wa Ramadhani. Wakati wa theluji nyingi ulikuwa haujafika, na miti ilikuwa bado na majani yake. Upepo wa baridi ukapita juu ya maji ya ziwa yaliyokuwa na joto, ukachukua mvuke, ukaumwaga juu ya mji kwa sura ya theluji nzito. Hata kufikia Ijumaa zilikuwa zimeanguka sentimita 57. Majani yaliishika theluji ile, matawi yakaelemewa, yakavunjika juu ya nyaya na mapaa. Nyumba na maduka karibu 400,000 yakakosa umeme, na wengine walikaa gizani zaidi ya wiki nzima.

Tazameni udhaifu wa mja! Jioni ana taa na futari ya moto; wakati wa daku yumo gizani, watoto wanatetemeka, na barabara imezibwa na miti. Hata mtambo wa gesi wa kupashia nyumba joto mara nyingi haufanyi kazi pasipo umeme. Hapo ndugu aliye mji mwingine hawezi kufika. Wazee wetu walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Aliye karibu ni jirani: mwenye msumeno humkatia mwenziwe tawi lililoziba mlango, na mwenye moto humpokea asiye na moto.

Ndugu Waislamu,

Katika msiba ule wapo waliofariki kwa sababu ya hewa yenye sumu, isiyo na rangi wala harufu, itokayo katika jenereta na majiko yanayowashwa mahali palipofungwa. Jambo hili si geni kwetu. Katika nyanda zetu za baridi, watu huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga madirisha, wakalala. Basi amwonaye jirani yake akifanya hivyo, kisha akanyamaza kwa kuona haya, hakumtimizia haki yake. Kuhifadhi uhai ni amri ya dini yetu.

Qur'ani Tukufu inatuamrisha kumtendea wema jirani wa karibu na jirani wa mbali. Naye Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kwamba Jibrili alimuusia mno juu ya jirani, hata akadhani kuwa atamfanya mrithi. Na haki hii anayo hata jirani asiyekuwa Mwislamu.

Theluji ya Buffalo iliyeyuka na umeme ukarudi, lakini maelfu ya miti ilikuwa imeharibika. Watu wa kujitolea wakaendelea kuipanda mingine kwa miaka kadhaa. Nasi twafundishwa kuwa Mwislamu apandapo mti, akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Kwa hiyo msaada usikome siku ya kwanza, machozi yanapokauka. Aliyeezuliwa paa na upepo au kuingiliwa na mafuriko huhitaji mkono wetu hata mwezi wa tatu.

Basi leo, baada ya sala, kila mmoja wetu abishe hodi kwa jirani mmoja: mjane, mzee au mgonjwa. Nanyi wanafunzi, mchotee maji asiyeweza kuchota, wala msingoje kuombwa.

Ewe Mola wetu, tukinge na majanga, warehemu waliotangulia, na utujaalie tuwe majirani wema. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.