Sufu ya Kondoo Chini ya Mabati: Mazungumzo kwa Wenye Nyumba wa Kabras

Wasikilizaji, mtu asafiriye kutoka Kakamega kwenda Webuye, akiisha kupita Malava, huona mapaa ya mabati yakimeremeta katikati ya miwa. Hapo zamani nyumba za Kabras zilikuwa za udongo, zikaezekwa kwa majani. Tangu kiwanda cha sukari kianze kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980, miwa imetwaa mahali pengi palipoota majani hayo, na mwenye kuyatafuta hutembea mbali. Tena bati likipigiliwa vema halivuji, na maji yake ya mvua hukingwa katika tangi. Hakuna sababu ya kumlaumu mtu aliyeezeka kwa mabati.

Lakini kuna kitu kilichoondoka pamoja na majani, ambacho fundi hakukitia katika hesabu yake. Saa nane mchana, jua likiwaka, mama aliyejifungua juzi hutoka na mtoto wake akaketi chini ya mti, kwa kuwa ndani hakukaliki. Usiku wa manane mtoto yule yule hutafutiwa blanketi la pili, na alfajiri tone la maji humwangukia usoni ijapokuwa mvua haikunyesha. Mvua ya alasiri ikija na mawe yake, mwalimu darasani hunyamaza akingoja ipite. Bibi kizee akikataa kuhama nyumba yake ya majani ili alale katika nyumba mpya ya mwanawe, watu humcheka. Kumbe yeye ndiye mwenye hesabu iliyo sawa.

Sababu si ngumu kufahamika. Hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Paa la majani lilikuwa nene, na hewa ilinaswa ndani yake kati ya mabua yasiyohesabika. Bati ni jembamba kuliko ukucha wa kidole. Jua likilipiga hupata moto na kuushusha juu ya vichwa vya watu. Usiku hupoa kuliko hata hewa ya nje, na mvuke wa pumzi za waliolala hugeuka maji likiugusa.

Basi dawa yake ni kuirudisha ile hewa iliyotulia, na manyoya ya kondoo, yaani sufu, ni moja ya vitu viwezavyo kuishika. Wachungaji wa Mongolia, nchi yenye baridi kali mno, wamefunika mahema yao kwa sufu iliyoshindiliwa kwa karne nyingi. Huko Uingereza, ambako mara nyingi bei ya sufu haifikii hata ujira wa kumkata kondoo manyoya, wako watu waitumiao katika dari na kuta za nyumba. Sufu ina sifa nyingine inayoifaa nchi ya mvua kama Kabras: huweza kunywa mvuke kadiri ya theluthi moja ya uzito wake bila kuonekana imelowa, kisha ikautoa hewa ikikauka. Wala haishiki moto upesi kama majani. Cheche ikiiangukia huungua kidogo kwa harufu ya nywele, kisha ikazimika.

Sasa yafaa kusema jambo ambalo huenda likamvunja moyo mwenye haraka. Kondoo wengi wa Kabras si wa sufu. Mtu na amshike kondoo wake, ayapasue manyoya kwa vidole: akiona nywele fupi zilizolala, huyo ni wa nyama. Wenye sufu, kama Merino na Corriedale, hufugwa nchi za juu zenye baridi, kama Uasin Gishu iliyo ng'ambo ya magenge ya Nandi, na Molo na Nyandarua. Sufu itanunuliwa huko, na anayenunua ajue kwanza kiasi chake. Chumba cha mita 3 kwa 3, kikitandikwa sufu ya unene wa sentimita 10, chahitaji kilo 18 hivi zilizo safi. Kondoo mmoja akitoa kilo 3, na karibu nusu ikapotea kwa mafuta na uchafu katika kuoshwa, hao ni kondoo 12 hivi kwa chumba kimoja. Asiyeweza nyumba nzima na aanze na chumba cha watoto.

Sufu chafu isipandishwe darini kamwe, maana itanuka na kuita wadudu. Huoshwa kwa maji ya moto yasiyochemka na sabuni, ikikandamizwa polepole. Ikisuguliwa hushikana ikawa ngumu, na hewa yake yote imetoka. Isuuzwe, kisha ilowekwe katika maji yaliyotiwa boraksi, ule unga mweupe uwazuiao nondo, ambao viluwiluwi vyao hula sufu. Boraksi iwekwe mbali na watoto. Ikiisha kukauka kabisa kivulini, sufu huchambuliwa na kuchanwa hata ifure.

Itandikwe juu ya dari ya mbao au ya magunia yaliyokazwa, wala isiguse bati. Kati yake na bati ibaki nafasi ya upana wa kiganja, na matundu kwenye pembe ili hewa ipite, yakizibwa kwa wavu wa kuzuia panya. Tundu la msumari linalovuja lizibwe kabla ya yote, kwa sababu sufu iliyonywa mvuke hukauka, lakini iliyolowa maji ya paa hulala na kuozesha mbao. Katika dari uachwe mlango mdogo wa kupenya mtu. Kila mwaka mwezi Februari, kabla ya mvua za masika, mwenye nyumba apande na taa, ainue sufu mahali pawili au patatu, atazame kama kuna nondo au unyevu.