Mafuta ya Kurudia

Mazungumzo ya redio. Somo: Luka 15:11-32

 

Sisi watu wa Busia na Malaba ni watu wa kwenda na kurudi. Mama huvuka mpaka asubuhi na kikapu chake, na jioni amerudi kupika. Hata jina la boda boda, wazee husimulia kwamba lilizaliwa huku kwetu, wakati vijana wenye baiskeli walipokuwa wakiwavusha abiria kutoka kituo cha nchi moja hadi kituo cha nchi nyingine. Mwenye baiskeli alimfikisha mtu ng'ambo, akageuza, akarudi kutafuta mwingine. Kama hakurudi, kazi yake ilikuwa imekwisha siku hiyo hiyo.

Basi jioni moja nilikuwa Malaba, katika kibanda cha chai kando ya barabara. Foleni ya malori ilikuwa ndefu, na madereva walikuwa wamechoka kungoja. Jirani na kibanda kile pana duka dogo la simu, na juu ya paa lake kuna ile sahani bapa, nyeupe, ya Starlink, iletayo intaneti kutoka angani. Huduma hiyo ilifunguliwa rasmi katika Kenya mwezi wa Julai 2023. Kijana wa duka akatoka akatuita, "Wazee, njooni muone. Wanarusha roketi sasa hivi kule Marekani. Inapeleka setilaiti kama hizi zinazotuletea mtandao." Madereva watatu, mama wa chai, mzee mmoja wa boda boda na mimi, sote tukainama juu ya simu moja.

Niruhusu nieleze tulichokiona. Roketi ile inaitwa Falcon 9, nayo ina sehemu mbili. Sehemu ya chini ina urefu wa zaidi ya mita 40, na ina injini 9. Kazi yake ni kuinua mzigo kutoka ardhini. Inachoma mafuta ya taa yaliyosafishwa sana, pamoja na oksijeni iliyopozwa mpaka ikawa kama maji. Baada ya dakika mbili na nusu hivi, sehemu hizo mbili huachana. Ile ya juu huendelea na setilaiti, ambazo mwishowe huizunguka dunia kwa kimo cha mamia ya kilomita. Na ile ya chini, je?

Zamani hakuna aliyeuliza. Sisi Wakenya tuliwahi kuwa na mahali pa kurushia roketi, lile jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, lililoendeshwa na Waitalia. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu yetu, ilirushwa pale setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru. Roketi iliyoibeba ilifanya kazi yake, na sehemu zake zikaanguka baharini, zikapotea. Ndivyo roketi zilivyokuwa siku zile. Zilikuwa za kwenda tu.

Lakini jioni ile Malaba tuliona jambo jingine. Sehemu ya chini ilipanda kupita kilomita 100, kisha ikaanza kushuka. Ilikunjua mapezi manne yaliyotobolewa kama chekecheke, ikajiongoza nayo katika hewa. Ikawasha injini kupunguza mwendo. Baharini palikuwa na meli tambarare, haina mtu ndani yake, inangoja. Chuma kile kikashuka kikiwa wima, moto chini yake, kikatoa miguu minne, kikasimama katikati ya meli. Tangu kuondoka mpaka kutua zilikuwa zimepita dakika nane na nusu tu. Mama wa chai alipiga vigelegele. Mzee wa boda boda akasema, "Hata hiyo nayo imerudi kutafuta abiria mwingine!" Na kweli, roketi hizo huchukuliwa, hukaguliwa, na kurushwa tena. Ziko ambazo zimekwisha kupaa zaidi ya mara 30.

Tulicheka sote, isipokuwa dereva mmoja. Yeye alirudi kwenye benchi, akaishika chai yake bila kuinywa. Baadaye, wenzake walipokwenda kuangalia malori, akaniambia, "Mchungaji, chuma kimetoka mbinguni kikarudi kwao. Mimi nina miaka sita sijafika kwetu, na kwetu ni hapo tu."

Nilimwomba ruhusa kuyasimulia haya, naye akakubali nisipomtaja jina. Kwao ni karibu na barabara kuu, kati ya Webuye na Bungoma. Kila safari ya Mombasa kwenda Kampala hupita hapo. Miaka sita iliyopita baba yake aliuza ng'ombe wawili, akampa fedha azipeleke shuleni, ziwe karo ya dada yake aliyekuwa kidato cha pili. Hazikufika. Alizimaliza yeye Eldoret kwa muda wa juma moja, kwa pombe na marafiki. Dada yake alirudishwa nyumbani, na baada ya mwaka mmoja akaolewa. Kijana hakuweza kumtazama baba yake usoni. Akaenda kuwa tanboi, kisha akawa dereva. Akaniambia, "Nikifika pale huwa naomba iwe usiku. Naongeza mwendo. Lakini nauona mwembe wetu kwa taa za lori, na nyumba ya mama ina taa. Nyumba nyingine zote zimezima, ile ina taa."

Msikilizaji mpendwa, nilitafuta neno la kumwambia, na Mungu akanipa lile lile tulilokuwa tumeliangalia.

Nilimwambia hivi: Ndugu yangu, unajua kwa nini chuma kile kiliweza kurudi? Wale walioitengeneza roketi hawakuruhusu mafuta yote yachomwe katika kwenda. Waliweka akiba kwa ajili ya kurudi. Pengine mzigo unapokuwa mzito mno, au safari ni ya mbali mno, mafuta yote hutumika, na roketi hiyo haitui tena. Imekwenda, basi. Inaanguka baharini kama zile za zamani.

Wapendwa, wako wengi katika mji wa mpakani ambao wanachoma kila kitu katika kwenda. Nguvu zote ni za kutafuta. Fedha zote ni za leo. Maneno yote makali yamesemwa kwa ndugu, hakuna hata moja lililobakizwa la kupatana. Mtu huondoka kwao akiwa amekata kila kamba nyuma yake, akidhani huo ndio uanaume. Bwana wetu alisema habari za wanawali kumi, na watano kati yao taa zao zilizimika kwa kukosa akiba ya mafuta. Weka akiba, ndugu yangu. Usilimalize lile neno la mwisho. Usiichome nauli ya kurudia.

Neno la pili ni hili. Ili itue, roketi ile lazima igeuke. Injini zilizokuwa zikisukuma kwenda juu huwashwa tena kupinga mwendo wake wenyewe. Hiyo ndiyo picha ya toba. Kutubu si kujuta tu. Yule kijana katika Luka 15 angeweza kukaa na nguruwe miaka mingi akijuta. Bali alipozingatia moyoni mwake, aliinuka, akageuka, akashika njia. Nguvu ile ile iliyompeleka nchi ya mbali ndiyo iliyotumika sasa kumrudisha. Wewe dereva unayeweza kuendesha lori usiku kucha kutoka Mombasa mpaka Malaba, huna udhaifu wa miguu. Unachohitaji ni kugeuza.

Wala usidhani kwamba kutua ni jambo rahisi. Januari 2015 walijaribu kutua juu ya meli, roketi ikaigonga meli na kulipuka. Aprili mwaka ule ule wakajaribu tena, ikafika, ikayumba, ikaanguka. Desemba 2015 ndipo ya kwanza iliposimama salama, nayo ilisimama juu ya nchi kavu kule Florida. Aprili 2016 ikasimama ya kwanza baharini. Kama uliwahi kujaribu kurudi kwa Mungu ukaanguka, au ulipiga simu nyumbani mara moja ukakata kabla haijapokewa, usiseme basi.

Neno la tatu ndilo lililomfanya dereva yule aniangalie. Nilimwuliza, "Unajua jina la meli ile iliyopokea roketi mwaka 2016?" Hakujua. Imeandikwa Of Course I Still Love You. Kwa lugha yetu ni kusema, Bila shaka bado nakupenda. Walioipa jina hilo hawakuwa wakihubiri Injili. Lakini mimi nilipolisoma niliiona nyumba ya baba yule wa Luka 15. Na jambo jingine: meli haiendi baharini baada ya roketi kurushwa. Hutangulia. Hupelekwa mapema, ikangoja mahali pake kabla moto wa kwanza haujawashwa. Kabla kijana hajaondoka kwenda nchi ya mbali, moyo wa baba ulikuwa umekwisha kuwa mahali pa kumpokea.

Dereva akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema neno ambalo sitalisahau: "Mchungaji, kama ni mafuta, mimi nimeishiwa. Sina fedha za ng'ombe wale. Karo ya dada yangu hairudi tena. Nikienda, naenda na nini?"

Na hapa, wapendwa, mfano wa roketi unafika mwisho wake. Roketi isiyo na mafuta haifiki popote. Meli ina jina zuri, lakini haiwezi kupaa kwenda kuipokea angani. Hapo ndipo Injili inapopita hekima yote ya wanadamu. Kijana wa Luka 15 hakuwa na akiba. Alikuwa ametapanya vyote. Alirudi na njaa, na nguo zenye harufu ya nguruwe, na maneno machache ya kuomba awe mtumishi. Lakini alipokuwa angali mbali, baba alimwona, akahurumiwa, akakimbiliwa. Mzee alikimbia! Ile njia iliyobaki, ambayo kijana aliogopa kuliko njia yote, baba aliimaliza kwa miguu yake mwenyewe. Ndivyo Mungu alivyotufanyia katika Kristo. Hatukuwa na mafuta ya kufika kwake, naye akashuka mpaka kwetu, mpaka msalabani.

Kwa hiyo nilimjibu dereva, "Nenda mikono mitupu. Usingoje upate bei ya ng'ombe wawili ndipo usimame. Lipa utakapoweza, maana deni ni deni, na dada yako ana haki ya kusikia kinywani mwako kwamba ulimkosea. Lakini kurudi hakungoji malipo." Roketi zile zikirudi huwa zimejaa masizi, nyeupe yake imegeuka nyeusi. Hakuna anayezikataa kwa sababu ya masizi.

Msikilizaji mpendwa, labda wewe ndiwe mwenye taa. Wewe ni baba au mama, na mtoto wako amevuka mpaka huu au amepotelea mjini. Usizime taa. Na labda wewe ni yule dada, au yule kaka mkubwa aliyebaki shambani, na una uchungu wa haki kabisa. Uliibiwa. Baba katika mfano ule hakumkemea kaka mkubwa kwa hasira. Alitoka nje akamsihi. Mungu anakusihi na wewe leo.

Labda, tena, wewe ndiwe unayepita usiku na kuongeza mwendo. Unalipita kanisa ulilobatizwa. Unaipita njia ya kwenu. Unajua kabisa iko wapi.

Dereva yule aliondoka alfajiri, foleni iliposogea. Alikuwa akienda Kampala, na baada ya siku chache angerudi kwa barabara ile ile, kupitia Bungoma, mpaka mwembe ule. Kama alisimama, sijui. Hatujaonana tena. Hata Luka hakuandika kama kaka mkubwa aliingia katika karamu. Bwana aliliacha jambo hilo wazi, ili kila asikiaye amalizie kwa miguu yake mwenyewe.

Wewe je, utasimama?

Tuombe.

Baba yetu uliye mbinguni, wewe uliyeziweka nyota mahali pake, unamjua kila mtu aliye njiani asubuhi hii. Utuhurumie sisi tuliotumia vyote katika kwenda. Utugeuze, nasi tutageuka. Walinde madereva barabarani, na watoto waliovuka mpaka. Wape nguvu wanaongoja nyumbani, taa zao zisizimike. Laini mioyo ya waliokosewa. Na yule ndugu anayepita kwao usiku, Bwana, mkimbilie angali mbali. Tunaomba katika jina la Yesu Kristo, Mwana wako, aliyetujia tuliposhindwa kuja. Amina.