Chagua Yoga Inayofuata Ratiba Yako ya Mbio

Hii ni hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya wanariadha, makocha na wazazi mjini Iten. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida.



Sitawachosha. Najua wengi wenu kesho saa kumi na mbili asubuhi mtakuwa barabarani tayari. Nami si daktari wala mwalimu wa yoga. Kazi yangu ni habari, na leo nimeleta habari inayohusu miguu yenu.

Hapa kwetu, mita zipatazo 2,400 juu ya usawa wa bahari, hatukosi wageni waliokuja kujinoa kwa mbio. Wakimaliza kukimbia, baadhi yao hutandika mikeka uani na kufanya yoga. Vijana wetu wanawaona. Wengine wanatazama video kwenye simu, kisha wanajaribu kuweka mguu nyuma ya shingo. Swali linalofuata ni hili: je, yoga inamsaidia mkimbiaji? Jibu langu ni kwamba inategemea ni yoga ipi, na unaifanya siku gani.

Tusilichukulie jambo hili kwa wepesi. Mguu wa mwanariadha ni shamba lake. Karo ya wadogo zake na chakula cha nyumbani hutoka hapo. Akiumia wiki nne kabla ya mashindano, msimu wake umekwisha, na nyumba nzima inaumia naye.

Kwanza tuelewe mbio zinaufanya nini mwili. Mkimbiaji hurudia hatua ileile maelfu ya mara, akielekea mbele tu. Nyonga, nyuma ya paja na shavu la mguu hukaza. Misuli ya pembeni mwa nyonga, ya tumbo na ya mgongo mara nyingi hubaki nyuma kwa nguvu. Hapo yoga inaweza kusaidia. Lakini si kila mkazo ni adui. Kano ya kisigino hufanya kazi kama springi: hubana nguvu mguu ukigusa ardhi, kisha huirudisha mguu ukiinuka. Kwa hiyo usitafute mwili laini kama wa mwanasarakasi. Tafuta nyonga inayofunguka vya kutosha, mwili uliosimama sawa, na pumzi iliyotulia.

Sasa tuangalie aina zenyewe.

Hatha, kama inavyofundishwa katika madarasa mengi leo, huenda polepole. Unaingia katika mkao, unapumua, unatoka. Anayeanza na aanzie hapa.

Iyengar imepewa jina la B.K.S. Iyengar, mwalimu wa Pune, India, aliyefariki mwaka 2014. Hii husisitiza mkao sahihi, na hutumia kiti, ukuta, mshipi na vipande vya mbao ili mwili usilazimishwe. Kwa maoni yangu ndiyo inayomfaa zaidi mkimbiaji aliyekaza, na haihitaji pesa nyingi. Leso inatosha kuwa mshipi, ukuta wa nyumba unao, na kigoda hakikosekani.

Vinyasa na Ashtanga ni za mwendo. Mkao mmoja hufuata mwingine pamoja na pumzi, na mikono hubeba uzito wa mwili. Ashtanga, iliyoenezwa na K. Pattabhi Jois wa Mysore, ina mpangilio maalumu, na awamu yake ya kwanza huchukua takriban saa moja na nusu. Hayo ni mazoezi kamili. Mwandikie kocha wako katika ratiba kama unavyoandika kilomita. Yanafaa zaidi kipindi cha mapumziko kati ya misimu kuliko katikati ya maandalizi makali.

Yin hukaa katika mkao mmoja dakika tatu hadi tano. Inaweza kufaa jioni ya siku nyepesi. Isifanywe kabla ya kukimbia, kwa maana kunyoosha msuli kwa muda mrefu bila kusogea hupunguza nguvu yake kwa muda. Kabla ya mbio, tembea, kimbia taratibu, pungia miguu.

Yoga ya kupumzisha ni kulala juu ya mablanketi na mito, miguu ukutani, pumzi ikienda polepole. Inaonekana kama uvivu, lakini baada ya mazoezi magumu mwili unahitaji utulivu kuliko kuvutwa tena.

Mwisho ni yoga ya joto. Ile iitwayo Bikram ina mikao 26 katika chumba chenye joto la nyuzi 40 hivi, kwa dakika 90. Mkimbiaji aliyepoteza maji asubuhi ataongeza hasara mchana. Tena joto humfanya mtu ajione amelainika kuliko alivyo, akavuta kupita kiasi. Wiki ya mashindano, kaa mbali nayo.

Tuliweke hilo katika wiki yetu. Kambi nyingi hukimbia uwanjani Jumanne, hubadilisha kasi Alhamisi, na mwisho wa wiki ni mbio ndefu. Jioni za siku hizo tatu, chagua ya kupumzisha, dakika 15 au 20. Jumatatu au Jumatano, ambazo ni nyepesi, fanya Hatha au Iyengar kwa nusu saa. Inatosha. Wala usianze aina mpya wiki mbili za mwisho kabla ya mashindano.

Kuna maumivu mawili ambayo hayatibiwi kwa kunyoosha. La kwanza ni la ndani, chini ya kalio, pale unapokalia. Mara nyingi hapo ni kano ya nyuma ya paja iliyochoka, na kuinama mbele kwa nguvu huizidishia. La pili ni la muundi. Ukibonyeza ukapata sehemu moja inayouma sana, au maumivu yakibaki hata usiku umelala, huenda mfupa umeanza kupata ufa. Acha mkeka, acha mbio, nenda hospitali upimwe.

Najua pia wako wanaouliza kama yoga ni ibada. Yoga ilianzia India, na ina mizizi katika dini za huko. Leo pia yako madarasa mengi yanayofundisha viungo na pumzi tu. Mwalimu mmoja ataanza kwa wimbo wa Kisanskriti, mwingine hataanza hivyo. Muulize mapema kitakachofanyika, kisha uamue kwa dhamiri yako. Asiyetaka asilazimishwe, wala anayetaka asisimangwe. Kocha anaweza kufundisha kunyoosha viungo bila kutumia jina la yoga, na nyonga itafunguka vilevile.

Kwa makocha, ombi langu ni moja: waulizeni vijana wanafanya nini jioni. Kijana anayekimbia kilomita 30 asubuhi na kufanya Ashtanga saa kumi jioni bila ninyi kujua, ratiba yenu haimjui tena.

Kwa wanariadha: kabla ya kuuliza ni yoga ipi nzuri, uliza leo mwili wangu umefanya kazi gani, na kesho unadaiwa nini. Ukilijibu hilo, kuchagua kutakuwa rahisi.

Mkimbie salama.