Plau la Sahani Ngapi kwa Trekta Letu?



Haya ni maneno ya Kamati ya Zana yaliyosemwa mkutanoni. Tumeyaandika hapa ukutani kwa ajili ya wale ambao hawakuwepo, na wale waliokaa nyuma wasisikie vizuri. Jambo lenyewe ni plau. Lile letu la sahani tatu limechakaa, fremu imechomelewa hadi haina pa kuchomelea tena, na fedha ya kununua jingine ipo. Wako wanaotaka la sahani nne ili foleni ya kulimiwa iende haraka. Wako wanaosema tatu zinatosha. Kabla ya kupiga kura, tufanye hesabu kidogo.

Trekta letu ni Massey Ferguson 375, nguvu za farasi 75. Farasi mmoja maana yake ni nguvu ya kuinua mzigo wa kilo 75 mita moja kwenda juu kwa sekunde moja. Lakini hizo 75 za kitabuni ni za injini. Zikitoka hapo zinapita kwenye gia, zinapita kwenye tairi linaloteleza, na nyingine zinaliwa na trekta lenyewe kujisukuma kwenye udongo laini. Shambani, katika kila farasi wawili, kadiria kwamba mmoja tu ndiye anayefika kwenye plau. Tena sisi tuko juu, karibu mita 1500 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupungukiwa kama sehemu moja katika mia kwa kila mita 100 za kupanda. Basi 75 inakuwa kama 65, na wanaofika kwenye plau ni farasi 32 au 33. Ishikeni namba hiyo.

Sasa twende kwenye udongo. Sahani tatu zinakata upana wa sentimita 80 hivi. Tukilima kina cha sentimita 20, plau linapasua sentimita za mraba 1600 kwa mkupuo. Udongo mwekundu wa kilimani, ukiwa na unyevu wa kadiri, unadai mvuto wa kama nusu kilo kwa kila sentimita ya mraba. Mbuga nyeusi ya bondeni inadai kilo nzima, na ikikauka inadai zaidi. Kwa hiyo plau lile lile, trekta lile lile, kilimani linavutwa kwa kilo 800 na bondeni kwa kilo 1600. Mwendo mzuri wa kulima ni kilomita 5 kwa saa, yaani mita 1.4 kwa sekunde. Zidisha kilo 1600 kwa 1.4, gawanya kwa 75: unapata farasi 30. Tunao 32 au 33. Inatosha, ila kwa kubana.

Weka sahani nne. Upana unakuwa sentimita 105, na bondeni mvuto unapanda hadi kilo 2100. Hapo zinatakiwa farasi 39, nasi hatunao. Kilimani sahani hizo hizo nne zinataka farasi 20 tu, trekta linakwenda bila wasiwasi. Ndugu zetu wa kilimani wanaodai sahani nne wanasema kweli, na wa bondeni wanaokataa wanasema kweli pia. Kila mmoja anazungumzia shamba lake.

Wengine watasema, dereva apunguze mwendo, kazi itafanyika tu. Hapana. Sahani tatu kwa kilomita 5 zinapitia mita za mraba 4000 kwa saa, karibu ekari moja, ukiacha muda wa kugeuza. Sahani nne zikikokotwa kwa kilomita 3 zinapitia 3150. Umenunua chuma kingi na umelima kidogo, na kwa mwendo huo sahani haipindui udongo vizuri, inausogeza tu. Tena kuna uzito. Trekta la namna yetu lina kama tani tatu. Kulitaka livute zaidi ya tani mbili kwa magurudumu mawili ya nyuma ni kulifanya lichimbe shimo na kula tairi. Bei ya tairi mnaijua.

Msimu uliopita baadhi ya wenzetu wa bondeni walikodi trekta la nje, kubwa kama letu, likivuta sahani nne. Lilipoanza kukoroma na kutoa moshi mweusi, dereva aliinua plau. Fito ilipochomekwa kwenye tuta ilionyesha sentimita 11. Fedha ililipwa ya ekari kamili, na magugu yakarudi kabla mahindi hayajafika magotini. Kwa hiyo mwanachama, siku ya kulimiwa njoo na fito yako yenye alama ya sentimita 20. Usione haya kuichomeka mbele ya dereva, hata akinuna.

Kipimo kingine ni cha chaki. Weka alama kwenye tairi la nyuma, plau likiwa juu, pima mizunguko kumi inafika wapi. Tuseme ni mita 44. Shusha plau, lima, pima tena mizunguko kumi. Ikifika mita 38 si mbaya. Ikishuka chini ya 37, mzigo umezidi.

Haro tusilichanganye humo. Lililopo linafaa, mradi watu waache kulipakia mawe.

Kamati inapendekeza tununue plau la sahani nne ambalo sahani ya mwisho inafunguliwa, likabaki tatu. Yapo madukani. Tutakapokwenda kununua, fundi wetu afungue na kufunga sahani hiyo pale pale mbele ya muuzaji. Pia tununue vyuma vya uzito wa mbele, maana plau zito likinyanyuliwa pua ya trekta inakuwa nyepesi na usukani haushiki.

Limebaki la foleni, nalo ndilo gumu. Mbuga ina siku chache za kulimika: ikiwa kavu ni jiwe, ikilowa sana trekta linazama. Kwa hiyo tunaomba mvua za kwanza zikishaigusa, trekta lianze bondeni na sahani tatu, kisha sahani ya nne ifungwe na lipande kilimani. Wanachama wa kilimani waliojiandikisha mapema watasogezwa nyuma kwa siku kadhaa, ingawa wakifikiwa watamalizwa upesi. Daftari la foleni liko kwa katibu. Mkutano ujao tutapiga kura mbili, ya plau na ya foleni.

Kamati ya Zana